Uzi kwa wanaoanza kuagiza nguo China kupitia wakala: kagua mzigo ungali kule

Mleta uzi

Habari zenu wakuu.

Uzi huu ni wa wale wanaoanza kuagiza nguo, viatu na mikoba kutoka China kwa kutumia wakala, iwe za kuvaa wenyewe au za kuuza. Kila msimu wa sikukuu ukikaribia napata ujumbe wa watu waliopokea mizigo wakabaki wameshika kichwa. Wengi ni watu wenye mtaji wa laki tatu au laki tano waliokopa kwenye kikoba. Hela ya namna hiyo ikipotea, mtu anakata tamaa na biashara yenyewe. Inaniuma, kwa sababu karibu makosa yote ninayoyaona yanazuilika, tena bila gharama kubwa.

Jambo la kwanza, na mengine yote yanatoka hapo: wakala analipa, anapokea, anafungasha na anasafirisha. Kuchagua ni kazi yako. Nguo ikiwa bado kwenye ghala la wakala kule China, mji wa Guangzhou au Yiwu, kosa lina dawa: inarudishwa, inabadilishwa saizi, au muuzaji anapunguza bei. Ikishapanda meli au ndege ni yako hata kama haimwenei mtu yeyote nyumbani kwako. Kwa hiyo zile siku chache mzigo unapokuwa ghalani ndizo siku za kukodoa macho. Mgeni anafanya kinyume: anahangaika sana siku ya kulipa, halafu anakaa kimya mpaka aambiwe mzigo umefika Dar.

Kwa nini tunahitaji wakala? Kwa sababu 1688, Taobao na Pinduoduo ni masoko ya Wachina wenyewe kwa wenyewe. Malipo yake ni ya Alipay au WeChat Pay, lugha ni Kichina, na wauzaji wengi wanatuma ndani ya China tu. 1688 ni ya jumla, wengi wa wauzaji wake ni viwanda na maduka ya jumla. Taobao ni rejareja, bei iko juu kidogo lakini unanunua moja moja bila maneno. Alibaba.com ni ya wanaouza nje ya China, hiyo unaweza kuongea na muuzaji mwenyewe, ila kwa nguo mara nyingi wanataka idadi kubwa. Mtu mwenye laki tano mahali pake ni 1688, na Taobao pale anapotaka sampuli.

Sasa twende kwenye makosa yenyewe.

Kutuma picha na kusema "nitafutie hii"

Hili ndilo linaongoza. Umeona gauni Instagram, umepiga skrinshoti, umemtumia wakala. Wakala anaiingiza kwenye utafutaji wa picha wa 1688 na yanatokea maduka kumi yenye picha ile ile, binti yule yule, ukuta ule ule. Bei moja ni yuan 28 (yuan ni hela ya China), nyingine 45, nyingine 79. Hao wote hawauzi nguo moja. Mmoja ndiye aliyelipia ile picha ipigwe. Waliobaki wameiazima, wakashona kitu kinachofanana kwa kitambaa cha bei wanayoimudu. Wakala akikuchukulia ya 28, amekupa ulichoomba, maana wewe uliomba picha.

Tafuta mwenyewe. Weka programu ya 1688 kwenye simu, tumia kamera yake kutafuta kwa picha, kisha ingia duka moja moja. Angalia duka lina miaka mingapi na asilimia ya wateja wanaorudi kununua, zote zinaonyeshwa pale pale. Shuka kwenye maoni uangalie picha zilizopigwa na wanunuzi kwa simu zao. Muuzaji mwenye picha zake halisi huandika 实拍, nakili maneno hayo uyatumie kutafuta. Kuandika hivyo hakumfanyi mtu awe mkweli, lakini ukiona na picha za nguo ikiwa imening'inizwa dukani, na lebo yake, na mishono kwa karibu, hapo una cha kushika. Ukishachagua, mtumie wakala linki, rangi, saizi na idadi. Picha ni ya kuthibitisha tu.

Vipimo, vipimo, vipimo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hela nyingi inapolala.

XL ya kule si XL uliyozoea kwenye mtumba wa Ulaya au Marekani. Herufi zisahau kabisa. Chini ya maelezo ya nguo kuna jedwali la sentimita, na mara nyingi pembeni yake kuna uzito wa mtu anayeshauriwa kuvaa saizi hiyo. Ule uzito umeandikwa kwa jin, herufi yake ni 斤. Jin moja ni gramu 500, yaani nusu kilo. Programu ya kutafsiri mara nyingine inaiandika "paundi", mara nyingine inaacha namba peke yake.

Kuna mteja mmoja, dada mwenye kilo 85, aliona "80-100" kwenye jedwali akajua hiyo ndiyo yake. Akaagiza dazeni nzima kwa ajili yake na wateja wa umbo lake. Zile 80-100 zilikuwa jin, yaani kilo 40 hadi 50. Nguo za binti wa sekondari. Ziliuzwa kwa hasara kwa wasichana wa chuo na nyingine mpaka leo ziko kwenye mfuko. Kwa hiyo kanuni ni hii: chukua kilo zako zidisha mara mbili, ndipo uangalie jedwali. Kilo 85 ni jin 170, na maduka mengi ya kawaida yanaishia kabla ya hapo. Unatakiwa kwenda kwa maduka ya saizi kubwa, yapo mengi tu, wanashona kwa ajili hiyo.

Hata ukishazidisha, usiamini uzito peke yake. Jedwali lile limewaza mwili wenye nyonga nyembamba. Dada zetu wengi kiuno ni M na nyonga ni XXL, kilo hazionyeshi hilo. Shika tepu ya fundi cherehani, pima kifua, kiuno na nyonga kwa sentimita, andika kwenye simu. Kisha chukua gauni lako linalokukaa vizuri, lilaze kitandani, pima upana wake kutoka kwapa hadi kwapa. Likiwa na sentimita 52, mzunguko wake ni 104. Hapo wengi wanachanganya, kwa sababu maduka mengine yanaandika upana wa nguo ikiwa imelazwa na mengine yanaandika mzunguko mzima. Ukiona kifua cha gauni la mtu mzima kimeandikwa 50, jua huo ni upana, zidisha mara mbili.

Kitambaa kisichovutika kinataka nafasi ya kupumua, angalau sentimita nne hadi sita juu ya mwili wako, la sivyo ukiinua mkono mshono unaachia. Kinachovutika kinaweza kuwa sawasawa na mwili. Na kila duka linaandika kuwa kipimo kinaweza kupungua au kuzidi sentimita 2 au 3, kwa hiyo ukiwa katikati ya saizi mbili chukua kubwa. Kubwa fundi wa mtaani anaibana kwa elfu chache. Ndogo hakuna fundi wa kuitanua.

Nguo za "saizi moja kwa wote" zipite tu kama una umbo la kawaida la Kiafrika. Hizo ni S hadi M, mara chache L.

Viatu ni rahisi kuliko nguo. Kanyaga karatasi jioni, mguu ukiwa umetanuka kwa shughuli za siku, chora, pima kisigino hadi kidole kirefu kwa milimita. Gawanya kwa 5, toa 10. Mguu wa milimita 240 unavaa 38, wa 245 unavaa 39. Mguu mpana ongeza namba moja.

Kitambaa

Uliza mchanganyiko wa kitambaa kwa asilimia. Maneno matamu kama "hariri ya barafu" hayana hariri ndani, ni vitambaa vya kiwandani vya kawaida. Pamba kwa Kichina ni 棉, ukiona herufi hiyo ina 95% na kilichobaki ni cha kuvutika, hiyo tisheti inavalika Dar mwezi wa pili. Poliesta tupu yenye bitana ndani, kwenye joto letu na daladala, mteja hatarudi. Kwa tisheti uliza pia gramu kwa mita mraba. Ya 160 ni nyepesi, ya 220 kwenda juu ni nzito na inakaa na umbo lake baada ya kufuliwa. Swali hilo moja linamwambia muuzaji kwamba anaongea na mtu anayejua anachonunua.

Nitaendelea, karibuni kwa maswali.

Mdau wa Mwanza

Mkuu shukrani sana. Mimi swali langu ni kwenye kurudisha. Wakala wangu aliniambia China hakuna kurudisha mzigo, ukinunua umenunua. Ni kweli?

Mleta uzi

Si kweli mkuu, na hapa ndipo uzi wote unapokaa.

China ina sheria ya kumlinda mlaji, na marekebisho yake yaliyoanza kutumika tarehe 15 Machi 2014 yanampa anayenunua mtandaoni siku 7 za kurudisha bila kutoa sababu, ukiacha vitu kama vilivyotengenezwa kwa oda maalumu. Nguo iwe na lebo zake, haijavaliwa wala kufuliwa. Taobao hili ni jambo la kila siku. 1688 ni soko la jumla, wengine wanakubali na wengine hawakubali, lakini anayekubali ameweka alama ya siku 7 kwenye ukurasa wa bidhaa. Mwambie wakala akuangalizie alama hiyo kabla hajalipa. Nauli ya kurudisha kwa kawaida unalipa wewe kama umebadili mawazo, na muuzaji analipa kama kaleta kitu kibovu au tofauti.

Sasa sikiliza vizuri. Siku 7 zinahesabiwa kuanzia mzigo ulipopokelewa, na aliyeupokea ni ghala la wakala. Wewe ukiwa Nyegezi unasubiri, saa inakwenda kule Guangzhou. Wakala wengi wanapokea, wanabandika alama yako, wanaweka kwenye rafu wakisubiri kontena lijae. Ukija kuuliza baada ya wiki mbili, ni kweli hakuna kurudisha. Hakukudanganya kabisa, ila hakukwambia kwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa mkubaliane mambo mawili: atakujulisha siku ile ile mzigo unapopokelewa, na atakupiga picha. Wengi wanatoza yuan chache kwa picha, lipa bila kujiuliza. Picha ya kifurushi kilichofungwa haina kazi. Taka picha ya nguo imelazwa na tepu imewekwa kifuani, picha ya lebo ya saizi na ya kitambaa, picha ya upande wa ndani kwenye mishono, na zipu ikiwa imefungwa mpaka juu. Kwa viatu taka soli na sehemu ilipogundishwa. Kwa mkoba taka vyuma na kishikio pale kilipoungwa. Kama mzigo ni wa saizi na rangi tofauti, ahesabu kila saizi na kila rangi peke yake. Muuzaji akiishiwa rangi nyeusi huwa anajaza kahawia bila kukuuliza, hasa misimu yenye oda nyingi.

Dada wa Arusha

Asante kwa elimu. Mimi niliambiwa kilo moja ya ndege bei fulani, nikapiga hesabu zangu za jaketi za baridi za huku kwetu. Mzigo ulipofika nikadaiwa mara mbili ya nilichotarajia, wakasema "kilo za ukubwa". Niliona kama nimeibiwa.

Mleta uzi

Pole sana dada. Hujaibiwa, lakini ulipaswa kuambiwa mapema.

Ndege ina nafasi yenye mipaka, kwa hiyo wanaangalia uzito halisi na uzito wa ukubwa wa boksi, wanatoza ulio mkubwa. Hesabu yake ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Kampuni nyingine za vifurushi zinagawanya kwa 5000, ambayo ni ghali zaidi, kwa hiyo uliza wanatumia ipi. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 lenye jaketi linaweza kuwa kilo 9 kwenye mizani, lakini kwa hesabu hiyo ni kilo 20. Unalipa 20.

Meli wanatoza kwa ujazo, CBM, yaani mita za ujazo. Boksi hilo hilo ni CBM 0.12, na hapo jaketi zinakuwa nafuu sana kwa meli kuliko kwa ndege. Jinzi ni nzito na ndogo, kwa hiyo kwa ndege unalipa kilo zake halisi, na kwa meli zinakula nafasi ndogo. Mwambie wakala atoe hewa kwenye jaketi kwa mifuko ya kubana, na viatu atoe maboksi kama wateja wako hawayataki. Mikoba migumu usiruhusu ibanwe, ikikunjamana njiani haikunjuki tena.

Na ushuru, uliza neno kwa neno: hiyo bei ya kilo au CBM ina ushuru ndani au haina? Wanaochanganya mizigo ya watu wengi kwa kawaida wanaweka kila kitu ndani. Ukitoa mwenyewe, jua kwamba nguo mpya ziko kwenye kundi la 35% la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ulioanza Julai 2022, kisha juu ya jumla hiyo unawekewa VAT, 18% kwa Tanzania na 16% kwa Kenya. Mzigo uliofika bandarini ukiwa na thamani ya laki moja pamoja na nauli na bima unakuwa 135,000, na ukiweka VAT yetu unafika 159,300 kabla ya tozo nyingine.

Mdau wa Dodoma

Kuna wakala anasema kamisheni yake ni sifuri. Anakula wapi huyu?

Mleta uzi

Anakula kwenye yuan, mkuu. Chukua mfano, hizi si bei za leo. Wakala wa kwanza hana kamisheni na anakuuzia yuan kwa shilingi 400. Wa pili anachukua 5% na yuan kwa 370. Nguo za yuan 1,000 kwa wa kwanza ni 400,000. Kwa wa pili ni yuan 1,050 mara 370, sawa na 388,500. Mwenye kamisheni ndiye nafuu. Kwa hiyo siku ya kulipa waulize wote wawili swali moja tu: bidhaa hii ya yuan kadhaa, nitalipa shilingi ngapi mpaka ifike ghalani kwako? Hapo ndani kuna na usafiri wa kutoka kiwandani mpaka ghalani, ambao 1688 mara nyingi unalipiwa pembeni.

Sina tatizo na wakala kupata faida, anafanya kazi na anastahili. Nina tatizo na asiyetaka kukuonyesha bei halisi. Omba picha ya oda ikiwa imelipwa pamoja na namba ya kufuatilia kifurushi ndani ya China. Namba hiyo unaifuatilia mwenyewe mtandaoni, unaona kimetoka lini na kimefika ghalani lini. Wakala mkweli anakutumia bila kukasirika.

Mdau wa Mombasa

Ndugu yangu, mimi niliagiza sendo na mikoba ya ngozi, ikafika mizuri ajabu. Nimeiweka dukani miezi kadhaa, sasa inababuka, ngozi ya juu yatoka kama maganda. Mnunuzi mmoja kairudisha baada ya wiki. Hili lazuilika vipi?

Mleta uzi

Ndugu wa Mombasa, hiyo si ngozi, ni ngozi bandia ya poliyurithani, kwenye maelezo yao utaona wameandika PU. Adui yake mkubwa ni unyevu na joto, na sisi wa pwani tunavyo vyote viwili mwaka mzima. Unyevu unaikata taratibu hata kama haijavaliwa. Ikikaa ndani ya kontena wiki kadhaa, kisha kwenye stoo isiyo na hewa, inaanza kuachia. Ndiyo maana mtumba wa kiatu cha namna hiyo unaweza kubanduka siku ya kwanza kuvaliwa.

PU uza haraka, chukua chache chache, usiifungie kwenye nailoni dukani, na acha vile vipakiti vya kukausha unyevu ndani yake. Usinunue mzigo mkubwa eti bei iko chini. Duka likikuuzia bei ya chini ajabu kwa mikoba iliyokaa, uliza imetengenezwa lini. Ukitaka kitu cha kukaa, tafuta ngozi yenyewe na ukubali bei yake, au nenda kwenye turubai na kitambaa kizito. Mteja anayelipa elfu hamsini kwa mkoba anastahili kuambiwa ni wa aina gani. Mwambie kabla hajanunua, atakuheshimu.

Dada wa Temeke

Nataka kuleta madera, abaya na nguo za watoto kwa ajili ya Idi. Niagize lini?

Mleta uzi

Dada yangu, swali lako ni la dhahabu, na watu wengi wataumia hapa.

Mwaka Mpya wa Kichina viwanda vinafungwa. Wafanyakazi wanarudi vijijini kwao, wengine wiki mbili, wengine karibu mwezi, na kabla ya hapo kila mtu anakimbilia kutoa mzigo kwa hiyo maghala yanajaa. Mwaka 2026 sikukuu hiyo ilikuwa 17 Februari na Ramadhani ikaanza siku moja mbili baadaye. Mwaka 2027 ni 6 Februari, na Ramadhani inatarajiwa siku hizo hizo, Idi ikiangukia karibu na 10 Machi kutegemea mwezi. Maana yake ni kwamba ukisema utaagiza Ramadhani ikikaribia, unagonga mlango ambao umefungwa.

Meli kutoka China hadi Dar hesabu mwezi hadi mwezi na nusu baharini, ongeza muda wa kontena kujaa na muda wa kutoa mzigo bandarini. Kwa Idi ya Machi, mzigo uwe umeshaingia ghalani mwanzoni mwa Desemba, umekaguliwa, na meli iondoke kabla mwaka haujaisha. Ukichelewa hapo, leta kidogo kwa ndege Januari na upange bei kulingana na hiyo nauli. Wa Krismasi nao wakumbuke kwamba wiki ya kwanza ya Oktoba ni mapumziko ya taifa kule, kwa hiyo oda yao iwe ghalani Septemba.

Nguo za watoto kaulize ghala la wakala wako kama linapokea kutoka Zhili, mji ulio Huzhou, wanashona nguo za watoto kwa wingi sana. Abaya na madera pima urefu kutoka begani, sio kifua tu. Za kule nyingi ni fupi kwa mtu mrefu.

Mdau wa Kahama

Vipi raba na tisheti zenye nembo za kampuni kubwa? Zinatoka sana huku.

Mleta uzi

Usiguse, mkuu, nakuomba. Tume ya Ushindani, FCC, inafanya operesheni za bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mzigo ukikamatwa unateketezwa. Kenya nao wana mamlaka yao ya kupambana na bidhaa bandia. Ubaya zaidi, kwenye kontena la kuchangia mzigo wako wenye nembo unaweza kuwachelewesha watu wengine ambao hawana kosa. Raba isiyo na nembo ya mtu, yenye soli nzuri, inauzika.

Na nguo za mabaka ya kijeshi msilete kabisa, hata za watoto, hata kofia. Jeshi letu, JWTZ, mwaka 2023 lilitoa siku 7 watu wasalimishe mavazi yanayofanana na ya jeshi. Kenya na Uganda pia sheria inakataza raia kuyavaa. Kule 1688 yamejaa kama fasheni ya kawaida na hakuna atakayekuonya.

Mdau wa Kigoma

Kuna tofauti gani na wanaoagiza Uturuki?

Mleta uzi

Kwa ufupi: Istanbul biashara ya jumla iko Laleli na Merter, wakala anatembea dukani na kukuonyesha kwa video, na nguo zinauzwa kwa seti ya saizi mfululizo, mfano 36, 38, 40, 42 rangi moja. Huwezi kuchukua 42 peke yake. Saizi zao zinatukaa vizuri zaidi, kitambaa mara nyingi ni bora, bei iko juu. Kwa mtaji mdogo, seti moja ya muundo mmoja inameza hela nyingi. Sharti la kukagua kabla ya kusafirisha ni lile lile.

Mdau wa Mwanza

Mkuu, la mwisho. Wakala wa kumwamini namjuaje? Na je, hivi vyote nimwambieje bila kumchosha?

Mleta uzi

Jina la biashara yake litafute BRELA, wanaosajili biashara na kampuni Tanzania. Akupe anwani ya ghala la China, na ofisi ya hapa uweze kuifikia kwa miguu au kumtuma ndugu. Malipo yaende kwenye akaunti au lipa namba yenye jina lile lile la biashara, sio namba ya mtu binafsi ambaye humjui. Anayekuharakisha kwa "nafasi tatu tu zimebaki, lipa leo" mwache aende. Oda ya kwanza iwe ndogo, kipande kimoja kimoja cha kila muundo, kwa ndege. Nguo ikifika ivae, ifue kwa mkono na kitambaa cheupe uone kama inachuja rangi, choma uzi mmoja wa ndani: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Ukiridhika ndipo uagize jumla kwenye linki ile ile, na ile sampuli uihifadhi ulinganishe na picha za mzigo mkubwa.

Ujumbe wa kumtumia huwa ninawapa watu huu, nakili ubadilishe namba:

"Habari. Linki ni hii. Rangi nyeusi: L vipande 4, XL vipande 6. Rangi ya maziwa: XL vipande 5. Usibadilishe rangi wala saizi bila kuniuliza. Muulize muuzaji kama anakubali kurudisha ndani ya siku 7. Mzigo ukifika ghalani nijulishe siku hiyo hiyo, nipige picha: nguo imelazwa na tepu kifuani kwa kila saizi, lebo, mishono ya ndani. Kifua cha XL kiwe si chini ya sentimita 108 mzunguko. Usifungashe wala kupakia mpaka nikujibu nimeridhika. Nitakujibu ndani ya saa 24."

Hiyo sentensi ya mwisho itimize. Wakala ana wateja wengi, na asiyejibu ndiye mzigo wake unaopakiwa bila kuangaliwa.